Kengele Ukutani kwa Tata Djafari

Ndugu zangu wa Kolwezi, na ninyi wa Fungurume mnaojifanya hamsikilizi, niruhusuni nijivune kidogo: katika avenyu yetu hakuna nyumba imara kama ya Tata Djafari. Matofali ya kuchoma, msingi wa mawe, bati jipya. Kamio, malori makubwa ya mgodi, zikipita na kurusha sufuria za watu wengine, kwake chai haitikisiki kikombeni. Asubuhi mkewe, Mama Amisa, humwaga maji mbele ya mlango kulaza vumbi. Tata Djafari huenda sokoni kufungua duka lake la vitenge. Binti yao Yasmine huenda shule na vipande vya waya mfukoni, mahali ambapo wenzake wanaweka pipi.

Sasa nichekeni. Nyumba hiyo leo haina chumba cha kulala.

Mambo yalianza pale mtu wa mtaa wa pili alipochimba choo akakuta mawe ya kobalti, madini ya pesa nyingi. Habari ikamfikia Tata Djafari kabla choo chenyewe hakijapata mlango. Akafunga duka. Akatoa kitanda chumbani, akavunja sakafu, akamleta kijana mchimbaji, jina lake Gracien, akamwambia, "Chimba, lakini polepole. Batu biko na masikio." Vitenge vikashika ukungu. Mama Amisa na mtoto mdogo Swedi wakahamia kulala sebuleni, na shimo likaanza kunyemelea chini ya kuta. Mgeni akibisha hodi, pazia zito linashushwa mlangoni pa chumba. Udongo ulitoka nje ndani ya magunia ya unga. Sisi majirani, naapa, hatukujua chochote.

Wakati huohuo shule yetu ikaingia katika maonyesho ya sayansi na ubunifu ya mtandaoni. Watoto wa Lubumbashi, Goma na Kisangani, kila mmoja akiwa kwao, wanaonyesha kwa telefoni kitu walichotengeneza, kikifanya kazi mahali pake, na waamuzi wanauliza maswali. Yasmine alitengeneza kengele. Alitundika nati nzito ukutani, upande wa sebule, kwa waya mwembamba, akaizungushia pete ya shaba iliyofungwa kwenye ukuta huohuo, bila kugusana. Nati ikigusa shaba, umeme wa betri unapita na king'ora cha pikipiki mbovu kinalia.

Tata Djafari alivimba kwa fahari. Msikitini aliwaambia watu kwamba binti yake ametengeneza kengele ya mlango. Akaazima makochi, akanunua pazia jipya la dirisha. Mwamuzi, hata akiwa Lubumbashi ndani ya telefoni, ni mgeni, na mgeni haonyeshwi kochi lililochanika.

Asubuhi ya maonyesho ndipo alipoiangalia vizuri kengele yenyewe.

"Yasmine, hii kengele ya mulango, juu ya nini uliitia ku ukuta ya chumba?"

"Haiko ya mulango, Papa. Ni ya ukuta. Ukuta ikianza kulala, nati inagusa shaba."

"Ukuta inalala? Iko na usingizi?"

"Iko na shimo chini yake."

Mama Amisa akaendelea kukunja kitenge ambacho kilikuwa kimekwisha kukunjwa.

"Utaipeleka ku shule," Tata Djafari akasema. "Hapa kwangu hapana. Unataka Kongo muzima ione chumba ya baba yako?"

"Ku shule hakuna shimo. Italilia nini kule?"

"Hiyo kinywa uliitosha wapi?"

"Kwako, Papa. Batu bote banasema tunafanana."

Hapo kengele ikalia. Kamio ilikuwa inapita barabarani. Ilipokwisha kupita, kengele ikanyamaza, na Tata Djafari akapata pumzi ya kucheka.

"Unaona? Mashini yako inaogopa kamio."

"Kamio ikipita, inalia, kisha inanyamaza," Yasmine akasema. "Ukuta ikienda, haitanyamaza."

Angeing'oa, lakini makochi ya watu yalikwisha kuingia na msikiti mzima ulikwisha kuambiwa. "Utasema ni ya mulango," akaamuru. "Basi."

Saa ya kuonyesha ilipofika, telefoni ilikuwa yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na mega za intaneti za kutosha, kwa hiyo niliishika mwenyewe. Kiooni akatokea Madame Domitille, mwamuzi, miwani puani. Yasmine akaeleza nati, shaba na betri.

"Vizuri. Na inasaidia nini?"

Tata Djafari akaingiza kichwa mbele ya binti yake. "Ya mulango, Madame. Mugeni akifika tu..."

Kengele ikalia.

"Kamio hiyo, Madame. Mutusamehe."

Kengele ikaendelea. Nati ilikuwa imeegemea shaba kabisa, haichezi.

"Mimi sisikii kamio," akasema Madame Domitille.

"Ni kubwa. Inapita polepole."

Yasmine hakumtazama Madame. "Papa, Gracien iko chini."

"Gracien gani?" Jasho lilikuwa limefika kwenye kola.

"Umuite. Ao mi nashuka kumuita, na Madame atuangalie."

"Yasmine, tuko na bageni."

"Tuko na mutu mu shimo."

Akalishika lile pazia zito, akalivuta mpaka ufito wake ukaanguka. Kisha akashika mkono wangu na kuigeuza telefoni. Lubumbashi, Goma na Kisangani wakaona shimo, kamba na magunia. Sasa hapakubaki kitu cha kuficha, na ndipo Tata Djafari akakumbuka kuwa ni baba wa watu. Akapiga magoti ukingoni.

"Gracien, acha beleshi. Toka. Toka, mwanangu, toka."

Mama Amisa akambeba Swedi. Yasmine na baba yake wakavuta kamba, mimi nikavuta telefoni. Gracien akatoka mwekundu wa udongo kama tofali bichi, tukakimbia wote. Tulikuwa barabarani chumba kilipozama. Ukuta ukakifuata taratibu, kama mzee anayekaa kitako, na kengele ikanyamaza.

"Batu batanicheka," Tata Djafari akasema.

"Bacheke," Yasmine akamjibu. "Tuko bote hapa."

Zawadi walimpa mtoto wa Kisangani aliyetengeneza jiko. Yasmine hakulalamika. Alisema kifaa chake kilifanya kazi mbele ya waamuzi, mwenye kubisha aje afukue.

Fundisho

Enyi wazazi, mtoto akikuonyesha hatari iliyo ndani ya nyumba yako, usimwambie akaionyeshe kwingine. Kuonekana na wageni hakumuui mtu, ukuta unaua. Hakuna jiwe la kobalti linalostahili kuchimbwa chini ya mahali wanapolala wanao. Nanyi watoto, semeni, hata sebule ikiwa imejaa makochi ya kuazima. Na sisi majirani, tungalijua, tungalisema...

Nilikuwa nimefika hapo, nikiwasomea vijana na majirani wa avenyu hadithi hii, niliposikia sauti nyuma yangu.

"Rudilia hapo pa majirani," Yasmine akasema.

"Hatukujua chochote," nikasoma.

"Na kile kichekesho yako ku bomba ya maji? Ya kusema kwetu tunafuga panya benye kushika beleshi? Mi nilikuwa pale na bidoni yangu. Batu balicheka mpaka maji ikamwangika."

Nikamwambia nitaufuta mstari huo.

"Usifute. Andika chini yake nani alijua."

Nikawatazama majirani wenzangu wanisaidie. Kila mmoja alikuwa anatazama viatu vyake.