Aliyeitika Kwenye Chumba cha Seva

Jumatatu asubuhi Waya aliandika jina la uongo kwenye kompyuta, na jina la uongo likaitika.

Haikuwa mara yake ya kwanza kufanya hivyo. Kila fundi wa mitandao ana mazoea yake, na yeye, akitaka kujua kama seva ya majina imeamka vizuri, huiuliza habari za mashine isiyokuwepo, upuuzi wowote unaomjia vidoleni, kisha hungoja jibu la siku zote: hakuna jina hilo. Siku hiyo aliandika "mtuhayupo". Seva ikamrudishia namba.

Akafuta, akaandika upuuzi mwingine. Namba ile ile.

"Leo umeamka na vituko," akaiambia mashine, akaenda kutafuta chai.

Waya lilikuwa jina la utani. Alipewa kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya wembamba wake, likamganda hata mumewe akawa hamwiti jingine. Alihudumia maabara ya vipimo iliyokuwa ndani ya nyumba kuukuu: hospitali zilileta damu, maabara ikarudisha majibu. Kompyuta ishirini na mbili, printa nne, kila moja na jina lake na namba yake. Watu hukumbuka majina, mashine hujua namba, na katikati yao hukaa seva ya majina, kama mpokezi wa nyumba ya wageni anayejua nani yuko chumba kipi. Mpokezi akikosea, mgeni anagonga mlango usio wake.

Mwezi uliopita seva hiyo ilihamishwa. Mafundi waliokuja kupaka rangi walikuta nyuma ya mapokezi mlango uliozibwa kwa plasta, na nyuma ya mlango chumba kidogo kisicho na dirisha, kitupu, chenye baridi. "Baridi ya bure," alisema Daktari, mkuu wa maabara. "Mashine zinapenda baridi." Hakuna aliyeuliza kwa nini chumba kizima kilifukiwa ukutani.

Ilipofika saa nne, malalamiko yakaanza kumiminika. Huyu kachapa majibu, printa imekaa kimya. Yule hafikii mafaili yake. Waya akapita meza kwa meza, akakagua nyaya, akazijaribu mashine kwa namba badala ya majina. Zote zikajibu.

"Njia ni nzima," alimwambia Shangazi pale mapokezi. "Majina ndiyo yanaumwa."

Ofisi nzima ilimwita Shangazi, lakini kwa Waya alikuwa shangazi wa damu, dada wa baba, aliyemchukua akiwa na miaka saba na kumlea kama wake.

"Kama yanaumwa yape dawa, mama," Shangazi akasema. "Hospitali wanapiga simu tangu asubuhi. Kuna mtoto anasubiri kuongezewa damu, na majibu ya kundi lake hawajayaona."

Waya hakungoja. Aliyatafuta majibu ya mtoto kwa namba, akayatuma kwa namba, kisha akashika simu na kumsomea daktari wa kule neno kwa neno, akamfanya ayarudie.

Akaingia chumba cha seva na kompyuta yake ya mkononi. Alishafuta kumbukumbu, alishazima na kuwasha, na bado kila jina, la kweli na la uongo, lilielekezwa kwenye namba moja tu, na hiyo namba haikuwa ya mashine yoyote aliyoijua. Basi ataitafuta kwa mkono: waya wa mashine hiyo ukichomoka, majibu yatakoma. Akawa anachomoa waya mmoja, anauliza, inajibu. Anachomoa mwingine, anauliza, inajibu. Akachomoa wa mwisho, ule wa kompyuta yake mwenyewe, na nyaya zote zikaning'inia mbele yake kama nywele za mtu aliyeinama, na juu ya kioo cha kompyuta isiyounganishwa na chochote, majibu yakaendelea kuhesabika mstari kwa mstari. Ndipo aliposikia harufu: nywele mbichi, zilizofungwa kitambaa siku nyingi bila kukauka.

Nje, kwenye korido, Daktari alimwita dereva kwa jina lake kamili.

"Naam," ikajibu sauti karibu na sikio la Waya.

Ilikuwa sauti ya kiume, ya upole, ya mtu aliyekaa muda mrefu akingoja kuitwa. Waya akageuka. Ukuta.

Alitoka mbio. Dereva alikuwa amekaa kwenye benchi, hatua tatu kutoka kwa Daktari, anachezea simu. Daktari akamwita tena kwa hasira. Nyuma ya mlango: "Naam." Dereva hakuinua kichwa. Daktari akamtikisa bega.

"Nakuita wewe! Umekuwa kiziwi?"

"Mimi?" Dereva akashangaa kweli. Daktari akamwonyesha kitambulisho kilichoning'inia kifuani pa dereva mwenyewe. Dereva akalisoma lile jina taratibu, kama mtu anayesoma kibao cha duka katika mji wa ugenini. "Huyu ni nani?" akauliza.

Jumanne wakawa watatu. Wapima damu wawili waliacha kugeuka walipoitwa. Watu wakaanza kuitana kwa kupiga makofi, kwa miluzi, kwa "wewe" na "hebu". Waya hakutulia. Alikaa, akasimama, akaenda mpaka mlango wa chumba cha seva, akarudi bila kuufungua. Alileta seva nyingine, mpya ndani ya boksi lake, akaiweka jikoni mbali na kile chumba. Nayo ikajibu namba ile ile.

Jumatano simu ya mapokezi ililia. Waya alikuwa amesimama pale pale.

"Hapana," Shangazi alikuwa anasema kwa adabu. "Umekosea namba, ndugu yangu. Hapa hatuna mtu wa jina hilo." Akalirudia, ili mpigaji asikie kosa lake. Lilikuwa jina lake yeye, Shangazi, lote kamili.

Na nyuma ya mlango sauti, safari hii ya kike, ikaitika polepole: "Abee."

Waya aliketi sakafuni. Shangazi akamtazama. "Una nini, mama? Umepauka."

Jioni ile Daktari alimvuta pembeni akanong'ona, ingawa hapakuwa na mtu. "Mimi ni mtu wa hadubini, unanijua. Siamini mambo haya. Lakini kuna bibi mmoja alimtibu mke wangu. Usimwambie mtu."

"Nimwambie nani, Daktari? Nikimwita nani atageuka?"

Bibi mganga alikuja Alhamisi mchana, wafanyakazi wengine wakiwa wamerudishwa nyumbani. Hakuja na ngoma wala moshi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani minene, na kabla ya kutibu watu alifanya kwa miaka thelathini kazi ya kuunganisha simu za watu. Aliomba kiti, akakiweka kwenye kizingiti cha chumba cha seva, akakaa kama anayezuia mlango.

"Umekuwa ukimuuliza nini, mjukuu wangu?"

"Majina, Bibi. Nampa jina, ananipa namba."

"Majina ya wengine. Yeye mwenyewe umemuuliza anaitwaje?"

Swali hilo lipo, na kila fundi analijua: unaichukua namba, unaigeuza, unauliza ni ya nani. Ni jambo la kwanza ambalo angelifanya siku nyingine yoyote. Siku nne hizi vidole vyake vilikuwa vimelikwepa.

"Huyu hana jina," Bibi akasema kwa sauti ya chini. "Kafungiwa humo mpaka kasahauliwa, na asiye na jina huokota ya wenzake. Muulize. Akilitoa moja, lisome kwa sauti. Mwenyewe akiitika kabla yake, limerudi. Ukishaanza, usikome njiani."

Wote wanne walikuwa wameketishwa kwenye benchi. Waya akaandika ile namba, akauliza. Kioo kikatoa jina la dereva. Akalisoma, "naam" ikatoka kwenye benchi nukta moja kabla ya ile ya ukutani, na dereva akashika kifua chake kama aliyeamshwa kwa maji. Akauliza tena, likaja la mpima damu wa kwanza, akauliza tena, likaja la wa pili, na kila jina lilipotoka harufu ilizidi na baridi ikapanda kutoka sakafuni mpaka magotini, mpaka kiunoni, na sauti ndani ya chumba haikuwa ya upole tena bali ilikuwa inaitika haraka haraka, ikikaribia kuwatangulia wenyewe, naam, abee, naam, kama mtu anayeporwa vitu mikononi, na lilipokuja la Shangazi ilibidi Waya alisome kwa kelele mara mbili ndipo yule mama akaitika na kuanza kulia.

"Tayari," dereva akasema, akisimama. "Tumetimia sote. Twendeni."

"Kaa," Bibi akasema. "Uliza tena."

Waya akauliza. Kioo kikatoa jina la tano, la mwanamke. Akalisoma kwa sauti, akangoja. Hakuna aliyeitika. Akalisoma tena.

"Huyu hatumjui," akasema. "Labda ni mgonjwa wa zamani."

Dereva aliangalia chini. Shangazi alisimama kutoka kwenye benchi, midomo ikimcheza.

"Mwanangu," akasema, "jina hilo ni lako, la bibi yako mzaa baba. Nilikupa mimi siku uliyozaliwa."

Waya akalitazama tena. Zilikuwa herufi tu. Akazitafuta ndani yake kama mtu anayepapasa ukuta wa chumba chenye giza akitafuta swichi, na hakukuwa na swichi, hakukuwa na ukuta. Tangu lini? Nani angegundua, wakati dunia nzima inamwita Waya? Na pale sikioni, taratibu, kwa sauti yake yeye mwenyewe, ikaja: "Abee."

"Mwite," Bibi alimwambia Shangazi kwa haraka. "Usimwite kama mpokezi. Mwite kama ulivyokuwa ukimwita."

Shangazi akaita. Kitu kikaitika. Akaita tena, kikaitika, karibu zaidi. Ndipo yule mama akaweka mikono kiunoni, akavuta pumzi, akalitoa jina lile kwa ukali wa miaka thelathini iliyopita, akilivuta mwishoni kama anayeita toto tundu kutoka uwanjani: "Jua limezama na hujaoga! Nikikufuata huko utanitambua!"

"Abee, shangazi, nakuja!"

Lilimtoka kabla hajafikiri. Sauti ya ukutani ilifuata, imechelewa, na haikumaliza neno. Bibi akaufunga mlango kwa mgongo wake na kuuegemea mpaka kitasa kilipoacha kucheza.

Chumba kilizibwa wiki ile ile, tofali kwa tofali, na seva ikapata mahali jikoni, inakovumilia joto. Dereva anaendesha, Shangazi anapokea simu, majibu yanafika kwa wenyewe.

Fundi hataki tena kuitwa Waya. Amewaomba wote, mumewe kwanza, wamwite kwa jina lake, na wanajitahidi. Lakini akiitwa hukawia kidogo kabla ya kuitika, na wasiomjua husema ana maringo. Hana. Huwa amesimama kimya, ameinamisha kichwa, anasikiliza kwanza kama kuna mwingine aliyemtangulia.