Mawe ya Kijani Ndani ya Kopo

Jumatatu, tarehe 7 Machi 1994, Likasi, mji wa migodi ya shaba, iliamka katika ukungu mzito, na manyunyu yalikuwa bado yanagonga mabati ya shule. Orpha, msichana wa darasa la sita, alikuwa akipanda kutoka mtoni na ndoo kichwani. Tangu mabomba yakauke, wasichana ndio walioteka maji ya shule, saa ileile ya hesabu. Mtihani wa mwisho ulikuwa Juni, naye hata kugawanya hakujua vizuri.

Siku hiyo alitua ndoo mlangoni, akabaki amesimama.

"Mwalimu, nitashindwa mtihani. Hesabu inanipita nikiwa mtoni. Kwa nini wavulana hawaendi?"

Lambert, kiongozi wa darasa, alicheka. "Weye Orpha! Tangu lini mwanaume anabeba ndoo kichwani?"

"Kichwa chako kiko na mayai?" Martine, msichana wa dawati la mbele, alimuuliza. Darasa likaangua kicheko.

Mwalimu Barthélemy hakucheka. Alitazama ubao, kisha sketi ya Orpha iliyolowa. "Niliamua peke yangu, sikuwauliza," alisema. "Leo tutaamua pamoja."

Akaleta kopo la maziwa, na mawe madogo yaliyookotwa uani. Kila mtoto alipewa mawili: la kijani, lenye shaba, lilimaanisha zamu ya maji kwa wote, jeusi lilikataa. Angetumbukiza moja koponi, ngumi ikiwa imefumbwa.

Orpha alihesabu vichwa. Wasichana kumi na wanne, wavulana ishirini na sita. Alifumba macho, akamwomba Mungu kimya.

Mwalimu alimwaga mawe mezani. Kijani. Kijani tena. Jeusi moja, halafu kijani juu ya kijani, yakimetameta kama yametoka ardhini asubuhi hiyo. Ya kijani thelathini na matatu kati ya arobaini! Orpha aliwatazama wavulana kana kwamba anawaona kwa mara ya kwanza. Kumbe wengi walijua haki, ila waliogopa kuchekwa.

"Watoto wangu," mwalimu alisema kwa sauti ndogo, "Mungu hakuwapa akili wavulana peke yao. Na anayeamua, awasikilize kwanza wale watakaoubeba uamuzi wake. Hesabu itaanza maji yakishafika."

Lambert alisimama taratibu, akaishika ndoo ya Orpha.

"Mbele yenu wote, na mbele ya Mungu: kesho miye nitakuwa wa kwanza mtoni. Na zamu yangu sitaikwepa hata siku moja."