Jiwe Jeupe la Lonzo

Kila jioni basi la shule lilimshusha Retha Kilgore mwisho wa lami, kisha likageuka na kurudi lilikotoka. Kutoka hapo alipanda kwa miguu njia ya changarawe kandokando ya kijito, mkoba mgongoni, hadi nyumba ya bibi yake iliyokuwa ya mwisho kabisa katika bonde la Sorrel. Wanafunzi wengine walishuka ndugu kwa ndugu, wakisukumana na kucheka. Yeye alishuka peke yake, na hakuna aliyempungia mkono.

Kule Ohio alikozaliwa, wenzake walimcheka kwa sababu baba yake alizungumza kama mtu wa milimani. Huku milimani Kentucky walimcheka kwa sababu yeye alizungumza kama mtu wa Ohio. "Haya, mtu wa mjini, leo umekanyaga matope?" binamu yake Dwight alimuuliza kila asubuhi. Ungemuuliza Retha kwao ni wapi, angekosa la kujibu.

Mama yake alikuwa amefariki majira ya baridi yaliyopita, akazikwa katika makaburi makubwa ya mji wa Dayton, huko huko Ohio. Baba alifanya kazi zamu ya usiku kiwandani na hakuwa na mtu wa kumwachia mtoto, ndipo akamleta kwa mama yake mzazi. "Ni kwa muda tu," alimwambia. Muda wenyewe hakuutaja.

Ijumaa hiyo, Retha alimkuta Bibi Verna jikoni akichovya maua ya karatasi katika nta iliyoyeyushwa ili mvua isiyaharibu. Jumapili ilikuwa siku ya kupamba makaburi. Akina Kilgore wote, wa karibu na wale waliotafuta riziki mbali, wangekuja kupanda kilima nyuma ya nyumba, waweke maua, wasali, kisha wale pamoja palepale nyasini.

"Nimerudi, Bibi."

"Karibu, mwanangu. Usiguse hiyo sufuria, ina moto. Na hili goti langu leo limegoma kabisa. Makaburi hayajafyekwa. Hobart ameahidi tangu Jumatatu, lakini ahadi za kaka yangu huyu unazijua."

"Nitafyeka mimi."

"Wewe? Utaweza kweli?"

"Nitaweza, Bibi."

Bibi Verna aliacha ua alilokuwa ameshika, akamtazama na kutabasamu. "Basi patengeneze papendeze. Watu wakija wajue hapa kuna mjukuu."

Maneno hayo yalimwingia Retha moyoni. Tangu mama yake afariki, hakuna mtu aliyemwambia jambo la kumfanya ajione ana mahali pake.

Juu ya kilima nyasi zilimfika magotini. Mbele, penye mti wa mwerezi, kulikuwa na mawe machache yaliyochongwa majina. Hayo aliyapangusa vizuri. Lakini nyuma ya hayo, kila aliposukuma mashine ya kukatia nyasi, iligonga mawe mengine yaliyochomoza ardhini, mawe ya kijitoni yasiyo na herufi hata moja. Retha aliyaona ni mawe tu, tena ya kusumbua. Alichukua jembe, akayang'oa yote, akayapanga kwa mstari mzuri kando ya uzio. Moja lililokuwa ndani ya kichaka cha miiba huko chini lilikuwa dogo, jeupe, laini kama yai. Miiba ilimchana mkono, naye akakifyeka kile kichaka kwa hasira. Lile jiwe alilipenda, akalitia mfukoni. Alipomaliza, kilima kilikuwa kimenyooka kama kitambaa cha meza.

Usiku walikula maharagwe na mkate wa mahindi. Bibi alikuwa mchangamfu kuliko siku zote. Aliinua ua jekundu.

"Hili ni la Orpha, bibi yangu. Huyo alivuka mlima kwa miguu na mimba yake, ameshonea mbegu za maharagwe kwenye pindo la gauni. Haya unayokula ni ya mbegu zile zile. Hili la buluu ni la Ansel, mpiga fidla. Alipiga fidla kwenye arusi za bonde zima, yake mwenyewe akachelewa kufika."

Retha alicheka. "Na hili jeupe dogo?"

Bibi aliligeuza vidoleni. "La Lonzo. Mtoto wangu wa kwanza. Hata wiki mbili hakumaliza. Theluji ilikuwa imeziba njia, tukamzika sisi wawili tu, mimi na babu yako Enoch. Enoch alivunja barafu kijitoni akamtolea jiwe jeupe."

"Jiwe?" Retha aliweka kijiko chini. "Bibi, lakini mawe yale hayajaandikwa kitu."

"Nani alikuwa na uwezo wa kuchongesha majina enzi hizo? Majina yako humu." Bibi aligusa kifua chake. "Macho yamechoka, lakini nikishaanza kwa Orpha nafuata jiwe kwa jiwe hadi mwisho, na kila mmoja namsimulia habari zake. Mbona huli?"

"Nimeshiba, Bibi."

Watoto wa bonde lile hujua maana ya mawe hayo tangu wanapotambaa, ndiyo maana Bibi hakufikiria hata kidogo kumwonya. Retha alikwenda kulala na lile jiwe chini ya mto.

Asubuhi yake ukungu ulikuwa umefunika kilima. Retha alipanda na jembe, akaanza kuyarudisha mawe, lakini kila alipotazama palifanana na pengine. Alikuwa akitoka jasho Dwight alipotokea amebeba mbao za kutengenezea meza.

"We! Umefanya nini?" Dwight aliziangusha mbao. "Hayo si makaburi hayo? Kila mtu anajua ni makaburi!"

"Mimi sikujua."

Kwa mara ya kwanza Dwight hakucheka. Alikuna kichwa, akatazama huku na huku. "Sikiliza. Yachomeke popote, ili mradi yawe kwa mstari. Bibi Verna haoni vizuri siku hizi. Akigundua, tuseme ng'ombe wa Babu Hobart walivunja uzio. Wale wanasingiziwa kila kitu, hili moja halitawaua."

Shauri lenyewe lilikuwa jepesi, na Retha alilifuata. Jiwe hapa, jiwe pale. Dwight alipoondoka, mtu akitazama kwa mbali angesema hapajaguswa. Likabaki lile jeupe. Alisimama amelishika, akimwazia Bibi akiinama na ua lake dogo, akilia juu ya mahali pasipo na mtoto. Kisha akamkumbuka mama yake kule Dayton, amelala katikati ya watu asiowajua. Je, kama mtu amelihamisha jiwe la mama, akasema haidhuru, nani atajua? Retha alikaa chini kwenye nyasi zenye umande akalia kwa sauti. Hapakuwa na mtu wa kumsikia.

Aliposhuka, Bibi alikuwa akipanga keki ya matufaha makavu, tabaka juu ya tabaka.

"Bibi, nimewang'oa."

"Umewang'oa akina nani?"

"Wote." Akaliweka jiwe jeupe mezani. "Nilifikiri ni mawe tu. Na leo nimeyarudisha ovyo ovyo ili usijue."

Bibi Verna alifuta unga mikononi. Alilichukua jiwe akalishika kwa mikono miwili. "Jana usiku, nilipokuwa nakueleza, ulishajua?"

"Nilijua. Nikanyamaza."

Afadhali angemgombeza. Bibi aliingia chumbani kwake na jiwe lake, akafunga mlango. Retha alikaa jikoni kutwa nzima, akisikiliza saa ya ukutani na kijito. Alimaliza kupanga keki peke yake, akaifunika. Hakuwa amewahi kuona nyumba yenye watu wawili ikawa tupu namna ile. Jioni mlango ulifunguliwa.

"Kesho utawaambia kwa kinywa chako mwenyewe," Bibi alisema.

Jumapili magari yalijaa njiani. Baba alikuja kutoka Dayton akiwa hajalala, akamkumbatia Retha. Bibi alikuwa amefunga goti lake kitambaa, akapanda polepole akiegemea fimbo. Walipokusanyika juu, Retha alisimama mbele yao, akaeleza yote. Dwight aliangalia chini. Shangazi Tressie alishika mdomo. Mtu mmoja nyuma akanong'ona, "Ndio watoto wa mjini hao," na baba akainamisha kichwa.

Bibi Verna aligonga fimbo ardhini. "Mtoto amesema yake. Sasa nyinyi wa hapa semeni yenu. Orpha amelala wapi?"

Watu walitazamana.

"Haya, Ansel je? Miaka yote nawapitisha hapa nikiwasimulia, kumbe masikio yenu yalikuwa kwenye kuku wa kukaanga!"

Hatimaye Babu Hobart alikohoa. "Dada, Orpha si yuko pale ardhi ilipobonyea? Nilitumbukia hapo nikiwa mtoto, nikapigwa kofi kwa kumkanyaga bibi."

"Nilikupiga mimi," Bibi alisema, na watu wakacheka kidogo.

Shangazi Tressie naye akakumbuka kwamba Ansel aliomba alazwe karibu na mwerezi asikie ndege. Mwingine akabisha, mwingine akamsahihisha. Walipapasa ardhi kwa miguu wakitafuta mabonde madogo yanayobaki kaburi linapozeeka, na kila lilipopatikana, mtu alilikumbukia kisa, wengine wakagombania mwisho wake. Retha na Dwight walibeba mawe. Moja baada ya jingine yakasimama mahali pake.

Likabaki lile jeupe, mkononi mwa Bibi.

"Tulikuwa mimi na Enoch tu," Bibi alisema, akitazama jina la mumewe kwenye jiwe la kuchongwa. "Na kaburi lilikuwa dogo mno hata ardhi haikubonyea. Nilikuwa nalifuata jiwe. Sasa sipaoni mwanangu alipo." Akaanza kulia, mbele ya watu wote.

Retha alimsogelea. Alitamani kukimbia, lakini alisogea. "Bibi, lilikuwa ndani ya kichaka cha miiba huku chini. Kilinichana hapa." Alionyesha mkono wake. "Nilikifyeka, sasa sikioni."

Bibi alimshika mkono akauleta karibu na macho. "Kichaka gani? Majani yake?"

"Madogo madogo. Mashina yake mekundu."

"Waridi!" Bibi alipaza sauti. "Nililipanda mwenyewe, mwaka ule ule. Hobart, ulikuwa unalifyeka kila mwaka! Mimi nikadhani limekufa zamani."

"Mimi nilijua ni miiba tu, dada," Babu Hobart alijitetea, akivua kofia.

Wote walipiga magoti sehemu ya chini, wazee kwa watoto, wakipapasa nyasi zilizokatwa. Baada ya muda baba yake Retha alisema "Aa!" akauvuta mkono. Kidole gumba kilikuwa kinatoka damu. Chini ya kiganja chake kilikuwapo kisiki kifupi cha waridi, kibichi bado.

Bibi Verna alilichimbia jiwe hapo mwenyewe. Kisha alimvuta Retha kando yake, akasema watu wote wasikie.

"Kung'oa mawe lilikuwa kosa la kutojua, na hilo ni letu sisi tusiokufundisha. Kunyamaza ndiko kulikokuwa kosa lako. Ungelichomeka hili jiwe popote, ningelia juu ya ardhi tupu mpaka siku yangu ya kufa. Lakini ulisema kweli ukiwa unaogopa, na ukweli huo ndio uliompata Lonzo. Watoto wote mliopo hapa, mkikosea, semeni mapema, kosa likiwa bado linaweza kurekebishwa. Na habari za watu wenu sikilizeni mzishike, maana mawe haya hayawezi kuwasemea."

Walikula mpaka jua likapinda. Dwight alimsogezea Retha kipande cha keki. "Kula, mtu wa mjini," alisema, lakini safari hii alimpisha akae.

Baba alipokuwa akiondoka, Bibi alitoa ua la manjano ndani ya kikapu. "Hili ni la mama yake Retha. Nililitengeneza tangu Ijumaa. Mpelekee Dayton, na usiliweke tu ukaondoka. Simama useme habari zake, hata kama hakuna anayekusikiliza." Baba alilipokea, akalibeba kwa mikono miwili hadi garini.

Magari yaliteremka bonde moja moja, mlio ukapotea, upweke wa kila siku ukarudi. Bibi na Retha walibaki peke yao juu ya kilima.

"Mwakani wewe ndiye utakayetupitisha," Bibi alisema. "Haya, nisikie. Anza."

Retha alisimama penye bonde dogo la kwanza. "Huyu ni Orpha, aliyebeba mbegu kwenye pindo la gauni." Akaenda kwa Ansel, akaenda kwa wengine, akikwama, Bibi akimsaidia, hadi wakafika kwenye jiwe jeupe.

"Huyu ni Lonzo," alisema. "Alizaliwa wakati wa theluji. Babu Enoch alimtolea jiwe chini ya barafu, na Bibi Verna akampandia waridi." Alisita, akamtazama Bibi. "Jiwe lake nililing'oa mimi."

"Hivyo hivyo," Bibi alisema, akamshika bega ili waanze kushuka. "Na kisa hicho nacho usikiruke."