Atupele, Kijipikipiki na Bata Mzinga

Kaa vizuri. Shika mikono. Tukianguka, tumeanguka wote!

Huyu ni Atupele. Ana miaka sita na mapengo mawili. Anakaa kwa bibi yake, Tukuyu, penye migomba mingi na matope mengi zaidi.

Hiki ni kijipikipiki chake. Ni kidogo, urefu wake sawa na mbuzi. Lakini kina injini ya kweli. Pe-pe-pe-pe!

Na hili ni koti lake. Mifuko yote imejaa mahindi ya kukaanga. Atupele hatoki nje bila mahindi yake.

Kijipikipiki alipewa na mjomba Ambakisye. Mjomba ni fundi pikipiki. Tena ndiye anayeandika majina kwenye bodaboda zote za kijiweni. Moja ameiandika SINA HARAKA, NAWAHI TU.

"Mjomba, niandikie na mimi," alisema Atupele. "Andika RADI!"

"Jina halitolewi bure, mama," alisema mjomba. "Kwanza umshinde Mwenyekiti. Kutoka mlango wa jikoni mpaka getini."

"Na nikishindwa?"

"Naandika KONOKONO. Kwa rangi isiyotoka."

Uwii! Konokono! Na watu wote watasoma!

Mwenyekiti ni nani? Mwenyekiti ni bata mzinga wa bibi. Kifua mbele, shingo juu, na hapendi kupitwa.

Kila Atupele akitoka, Mwenyekiti humfukuza. Kila siku! Kwa nini? Wewe unajua? Kama unajua, nyamaza. Usimwambie.

Atupele alifikiri. Bodaboda za kijiweni zinakimbia sana. Bodaboda zina nini? Aha!

Bodaboda zina mwavuli. Akafunga mwavuli wa bibi.

Bodaboda zina vioo. Akafunga vioo viwili, na utepe mwekundu, na kengele.

Bodaboda zina abiria. Akamwita mdogo wake, Lugano. Lugano akaja amekumbatia mkungu wa ndizi.

Atupele mbele, Lugano katikati, ndizi nyuma. Mshikaki!

"Moja, mbili, tatu!" alisema mjomba.

Pe... pe... pe... Pisha njia!
Golo-golo-golo! Mimi kwanza!

Mwenyekiti hakukimbia. Alitembea tu. Akafika getini, akageuka, akawasubiri.

Mjomba akafungua kopo la rangi.

"Mjomba, subiri!" alilia Atupele. "Hiyo ilikuwa ya majaribio!"

Mjomba akamtazama. Akatazama mapengo yake mawili. Akafunga kopo.

"Haya. Tunarudia baada ya chai. Mara moja tu."

Wakanywa chai haraka haraka.

"Mjomba, kwani hiki kinaweza kukimbia kiasi gani?"

"Chenyewe kinaweza kumwacha mbuzi," alisema mjomba. "Lakini unaona skrubu hii? Nimeikaza, kwa sababu wewe una miaka sita. Sasa kinakimbia kama bibi yako anayewahi kuanua nguo mvua ikija."

"Nimesikia!" alisema bibi kutoka jikoni.

Atupele aliitazama skrubu. Akaitazama bisibisi.

"Haiguswi," alisema mjomba.

"Sijaigusa!"

"Unaigusa kwa macho."

Basi wakatafuta kitu kinachokivuta kijipikipiki nyuma.

Mjomba akabonyeza tairi. Lo! Laini kama andazi. "Tairi laini ni zito kuviringika." Wakajaza upepo. Fyuu! Fyuu! Fyuu!

Mjomba akazungusha cheni. Kwii, kwii, kwii. "Cheni kavu inagoma." Wakatia mafuta. Tone, tone, tone. Kwii ikanyamaza.

Mjomba akagusa mwavuli. "Huu nao?"

"Ni wa mwendo kasi," alisema Atupele.

"Kimbia nao mpaka pale."

Atupele akakimbia na mwavuli. Pwaa! Upepo ukaukamata. Ukamvuta nyuma, ukamvuta nyuma, mpaka akakaa chini.

"Ala!" alisema Atupele. "Kumbe ni mkorofi!" Akamrudishia bibi.

Vioo, chini. Utepe, chini. Kengele, chini. Ndizi, chini.

"Na Lugano, chini," alisema Atupele.

"Mimi si mzigo!" alisema Lugano.

"Wewe ni mzigo unaoongea."

Lugano akanuna. Mjomba akampa kazi ya kuhesabu. Akaacha kununa.

"Ukiwa mwepesi, unakwenda," alisema mjomba. "Na ufuate pakavu. Matope yanakula mwendo."

"Helmeti nayo nzito," alisema Atupele. "Niivue?"

"Thubutu!" alisema mjomba.

"Thubutu!" alisema bibi kutoka jikoni.

Atupele akakaza helmeti. Akapanda. Mwenyekiti akaja, kifua mbele, akasimama pembeni yake. Akanyoosha shingo. Akachungulia mfuko wa koti.

Atupele akatazama mfuko. Akamtazama Mwenyekiti. Akatazama mfuko tena.

Halafu akatabasamu. Mapengo yote mawili yakaonekana.

"Moja!" alisema Lugano.

Atupele akatia mkono mfukoni.

"Mbili!"

Akageuza mfuko wa kulia. Akageuza mfuko wa kushoto.

"Tatu!"

Chwaaa! Mahindi yote chini!

Pe-pe-pe-pe! Pisha njia!

Mwenyekiti akatazama kijipikipiki. Akatazama mahindi. Kijipikipiki. Mahindi. Masikini Mwenyekiti!

Akadonoa moja. Akadonoa mbili. Akadonoa tatu. Mara akakumbuka kwamba hapendi kupitwa.

Golo-golo-golo! Mimi kwanza!

Akaja mbio, mabawa wazi! Atupele akafuata pakavu. Matairi yakaviringika. Cheni haikulia kwii.

Pe-pe-pe-pe! Golo-golo-golo!
Pe-pe-pe-pe! Golo-golo-golo!

Tairi la mbele likapita geti. Halafu ukapita mdomo wa Mwenyekiti.

"Nimeshindaaa!"

"Ngoja kwanza," alisema mjomba. "Umemhonga mahindi!"

"Mjomba, ulisema nipunguze mzigo," alisema Atupele. "Nimepunguza."

Bibi akacheka mpaka kanga ikamdondoka.

"Shika brashi yako, Ambakisye," alisema bibi. "Umepatikana leo."

Mjomba akaandika polepole, ulimi nje. Hakuandika KONOKONO. Hakuandika RADI. Aliandika:

MAHINDI YAKO, NJIA YANGU

Atupele akasoma. Akasoma tena. Akaruka juu kwa furaha.

Jioni, Atupele akaoga, matope yote yakatoka. Akaiweka helmeti kitandani, karibu na mto wake. Akajifunika mpaka shingoni.

Tok, tok, tok. Nani anagonga dirisha?

Golo?

"Kalale, Mwenyekiti," alisema Atupele. "Mahindi ni kesho."

Mwenyekiti akaenda zake. Nyumba ikanyamaza.

"Bibi," alinong'ona Lugano, "nani amewasha kijipikipiki?"

Bibi akasikiliza. Akacheka kidogo.

"Hakuna aliyewasha, baba. Ni dada yako anakoroma."

Pe... pe... pe...