Mnyonya Joto

Kompyuta ilikuwa imechomolewa kwenye umeme tangu jana yake, lakini Mkasi alipoifungua na kugusa prosesa, ubongo wa mashine, kidole kiliungua.

Alikitia mdomoni, akasonya. Akagusa kuta za boksi: baridi. Akagusa waya: baridi. Ni kile kipande kimoja tu katikati, kidogo kama biskuti, kilichokuwa cha moto kama pasi.

"Ebo," alisema peke yake. "Na wewe una homa?"

Watu walimwita Mkasi. Wateja walidhani ni kwa ajili ya kazi yake ya kukata picha za harusi na kuziunga upya, hata bibi harusi aliyenuna siku nzima akaonekana ana furaha. Mama mkwe wake alikuwa na maelezo mengine. "Ni kwa ulimi," alikuwa akiwaambia wageni, Mkasi mwenyewe akiwa amekaa hapo hapo. Wawili hao waliishi pamoja, maana mume alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu na nyumbani alikuja kama mgeni. Waligombania chumvi, wakagombania pazia, wakagombania sauti ya redio. Lakini mmoja asipokula, chakula hakikumshuka mwenzake.

Kompyuta aliinunua ikiwa imeshatumika, na tangu siku ya kwanza ilikuwa ya moto. Feni yake ililia kama mbu aliyefungiwa kwenye kopo, na kazi ikiwa nzito tu, ilizimika yenyewe na kumwachia kioo cheusi na harusi ya watu nusunusu. Mwisho Mkasi alichoka. Akaenda kwa muuza vifaa, akarudi na kipozaji kipya: dude zito la vibati vyembamba vilivyopangwa kama kurasa, mirija ya shaba imepita katikati, na feni mbili, moja ya kuvuta na moja ya kusukuma.

"Hilo ni la kompyuta au la basi?" mama mkwe aliuliza kutoka kwenye kiti chake.

"La kompyuta, Mama."

"Na likiruka?"

"Likiruka tutapanda wote."

Mama mkwe alicheka mpaka akakohoa. Mkasi akaendelea na kazi. Aliingoja prosesa ipoe, haikupoa, akaifuta hivyo hivyo kwa kitambaa na spiriti. Dawa ya kupozea ya zamani, inayopakwa chini ya kipozaji, ilikuwa imekauka, ikatoka vipande vipande, na harufu ikapanda: harufu ya nywele zilizoungua. Akageuza uso, akapumua pembeni, akarudi. Akaminya dawa mpya, tone moja kama punje ya dengu, akakalisha kipozaji juu yake, akakaza skrubu kwa kukingamisha, kidogo huku, kidogo kule, kisije kikalalia upande mmoja. Akachomeka waya za feni. Boksi akaliweka juu ya meza, mgongo wake ukitazama mlango wa chumba cha mama mkwe, kwa kuwa waya wa umeme haukufika kwingine.

Akawasha. Feni zikazunguka bila kelele. Upepo wa moto ukatoka nyuma kwa mkupuo mmoja mrefu, ukapita mlangoni kwa mama mkwe, pazia likainuka, likashuka. Basi. Kompyuta ikawa kimya na baridi, na siku hiyo Mkasi alimaliza harusi mbili.

Kesho yake chai ilipoa kabla ya kufika mdomoni.

Ulikuwa msimu wa jua kali, barabarani watu walitembea wakijipepea kwa chochote walichoshika, na ndani ya nyumba ile mama mkwe aliomba blanketi. Mkasi alidhani ni uzee. Akabandika maji jikoni, moto ukawaka vizuri tu chini ya sufuria, na maji hayakutoa hata povu. Akachomeka pasi, taa yake ikawaka, akaigusa kwa kiganja kizima. Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Ndipo aliposikia ile sauti kutoka chumbani kwa mama mkwe, fyuuu, kama mtu anayekunywa supu ya moto kwa pupa, fyuuu, halafu kimya, halafu tena.

"Mama, unakunywa nini?"

"Sinywi kitu, mwanangu," mama mkwe alijibu kwa unyonge. "Nilidhani ni wewe."

Mchana huo Mkasi alimwita wifi yake. Wifi alikuwa muuguzi, mtu wa kufuata taratibu, alifika akiwa bado na sare ya kazini. Alimpima mama yake, akatikisa kipimajoto, akampima tena, akakaa kitandani.

"Hakipandi," alinong'ona. "Wifi, hakipandi kabisa. Mtu wa joto hili haongei."

"Naongea," alisema mama mkwe. "Na ninyi ongeeni kwa sauti, sijafa."

Walimwinua wampeleke hospitali. Hatua ya kizingitini tu, macho yakamgeuka na pumzi ikakatika. Wakamrudisha kitandani huku wifi analia, pumzi ikarudi. Wakajaribu tena, ikawa vile vile. Kitu kilikuwa kimemshika kwa ndani, na hakikutaka kutoka kwenye nyumba ile.

Wifi alimvuta Mkasi jikoni. "Namjua mganga mmoja," alisema kwa sauti ya chini sana. "Bibi mmoja. Usimwambie mtu kazini kwangu."

"Mimi nimwambie nani? Mlete!"

Mganga alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani, mwepesi wa mwendo, asiye na maneno mengi. Alisalimia, akaweka chetezo chake cha makaa karibu na kitanda. Makaa yalikuwa mekundu. Sauti ile ya kunywa ikasikika, fyuuu, na makaa yakawa meusi yote kwa pamoja, kama taa iliyozimwa. Mganga akayatazama makaa, akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Jini," alisema. "Na ana njaa. Wewe ni nani?"

Mama mkwe akafumbua mdomo, lakini sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa imekatikakatika, kama mtu anayesema mbele ya feni inayozunguka.

"Ni-li-kuwa ni-me-lala. Kwenye kiota cha-ngu. Yu-le mwenye ulimi a-ka-ni-nyonya, a-ka-ni-tapika humu. Dude li-tolewe. La sivyo nita-kunywa huyu m-paka tone la mwi-sho, kisha binti, ki-sha yeye."

Wifi alijikunyata ukutani. Mganga akamtazama Mkasi. "Kuna dude gani umeleta?"

Mkasi akamweleza yote: kile kipande kilichomuunguza kidole wakati umeme haupo, ile harufu, ule upepo wa moto.

"Basi litoe," wifi alisema. "Wifi, nakuomba. Rudisha ile feni ya zamani, arudi huko alikokuwa, tuishi naye. Si ulikuwa unaishi naye?"

Mkasi alimtazama mganga. "Nikilitoa, atamwacha Mama?"

Mganga alisukuma chetezo pembeni. "Atarudi kwenye mashine, ndiyo, maana kwake pale ni nyumbani. Lakini ameshaonja mtu. Sitakudanganya, atakuwa anatoka kuja kula na kurudi. Mimi natoa majini kwa watu, mwanangu. Kwenye mashine sijui pa kuanzia."

"Mimi najua," Mkasi alisema.

Hasira ilikuwa imempanda mpaka masikioni. Alikwenda sebuleni akaligeuza lile boksi. Kipozaji hakiui joto, ndicho alichokuwa anakiwaza. Kinalihamisha tu, kinalivuta kwenye prosesa, kinalipitisha kwenye shaba, kinalitupa nyuma. Siku ile nyuma palikuwa na mlango wa chumba cha mama mkwe. Akaivuta meza nzima, waya ukakaza, haukufika. Akaung'oa, akachomeka waya mrefu zaidi ambao jirani alikuwa amemwachia, akalisogeza boksi mpaka mgongo wake ukabana kwenye dirisha. Dirisha akalifungua wazi.

"Wifi, njoo usimame hapa. Nikikwambia funga, unafunga."

"Naogopa."

"Hata mimi. Simama."

Akafungua skrubu, akatoa kipozaji kipya, akarudisha feni ya zamani lakini waya wake hakuuchomeka. Akawasha, akaipa kompyuta kazi nzito kuliko zote alizokuwa nazo, harusi ya siku tatu, picha zote kwa mara moja, kisha akalifunika boksi kwa blanketi la mama mkwe. Nyumba nzima ilikuwa baridi kama kisima, sufuria baridi, pasi baridi, mikono ya mgonjwa baridi, na katikati ya baridi ile kilikuwepo kitu kimoja tu kilichokuwa kinapata moto, kinazidi kupata moto, na Mkasi akapaza sauti kuelekea chumbani:

"Chakula tayari! Njoo ule!"

Kwanza hapakuwa na kitu. Halafu sauti ya kunywa ikakoma, pazia la mlango likatuna kama tumbo, harufu ya nywele zilizoungua ikavuka sebule ikipita usoni kwa wifi aliyeziba mdomo kwa mikono miwili asipige kelele, na blanketi juu ya boksi likabonyea lenyewe, taratibu, kama lililolaliwa na mtu mchovu aliyerudi kitandani kwake.

Kutoka chumbani mganga akaita, "Anatoka jasho! Mama anatoka jasho!"

Mkasi alichomoa umeme, akatupa blanketi, akang'oa feni ya zamani kwa mkono mtupu, ngozi ikabaki kwenye chuma, na wakati anaminya dawa ya kupozea juu ya kile kipande kilichokuwa chekundu sasa, chekundu kama jicho, ile sauti ilianza kumsemesha kutoka ndani, mara hii kwa upole, ikimwambia itampa kompyuta isiyozimika milele, itampa wateja mpaka awafukuze, itamrudisha mumewe nyumbani asisafiri tena, aache tu skrubu moja, moja tu, naye akakaza ya kwanza, akakingamisha, akakaza ya pili, vidole vinateleza kwa maji ya malengelenge, na alipofika ya mwisho sauti ikawa ya mumewe kabisa, ikilia, mke wangu unaniunguza, mke wangu.

"Mume wangu hanililii," Mkasi alisema. "Ananipigia simu kuuliza kimepikwa nini." Akakaza.

Akachomeka feni zote mbili, akawasha.

Zilizunguka kwa mlio ambao hazijawahi kuutoa. Mirija ya shaba ikaiva, vibati vikalia, meza ikatembea, na nyuma ya boksi ukatoka upepo wa moto uliounguza ncha za pazia ukapita dirishani kwenda nje, mrefu, mrefu, usioisha, na ndani yake yowe lililokatwakatwa na mapanga ya feni mpaka likawa vumbi la sauti, na likakoma.

"Funga!"

Wifi akafunga, akaweka komeo, akateleza chini akakaa sakafuni.

Jikoni, sufuria ya maji ilianza kuchemka.

Mama mkwe alilala mpaka usiku, akaamka akiuliza nani amechukua blanketi lake. Mganga alikunywa chai mbili za moto, akakataa ya tatu, akaondoka akiitazama ile kompyuta kama mtu anayeagana na mbwa mkali. Mkasi alifungwa bandeji mikono yote na wifi yake, na ile harusi ya siku tatu aliimalizia kwa kubonyeza na kidole kimoja cha mwisho kilichosalimika.

Mvua ziliponyesha, Mkasi aligundua kitu. Dirisha lile halikulowa. Matone yalifika kwenye kioo yakakauka hapo hapo kwa mvuke. Aliweka kiganja: kioo kilikuwa cha moto, na joto lenyewe lilikuwa na umbo, paji la uso na viganja viwili, kama la mtu aliyejibandika nje akichungulia ndani.

Aliondoa kiganja. Nyuma yake akasikia kandambili za mama mkwe.

"Bado yupo?" mama mkwe alinong'ona.

"Yupo, Mama. Lakini yuko nje."

Mama mkwe alikitazama kioo. Tangu alipougua, baridi haikumtoka mifupani; alitembea akijikanda viungo na kulalamika. Aliburuta kiti chake kutoka mezani, akakigeuza, akakaa, akaegemeza mgongo kwenye kioo hasa pale palipokuwa na moto zaidi, akafumba macho kwa raha.

"Mifupa hii aliipoza mwenyewe," alisema. "Sasa aipashe."