Ijumaa, kwa Macho Matupu

Adhuhuri duka la miwani lilifurika watu. Mtangazaji wa redio akajipenyeza na gauni lake la njano, mkononi miwani ya shangazi yake iliyovunjika. Alipoiona ramani ya anga ukutani, akasahau foleni.

"Fundi, na hii ni ya nini?"

"Nafuatilia nyota ya mkia, bibie. Inakuja."

"Weee! Tutaiona kwa macho?"

Daftari la Fundi, alilolijaza jioni tisa mfululizo, lilisema wazi: mwanga wa nyota hiyo umetawanyika, bila darubini huoni kitu. Lakini dada wa redio alikuwa anatabasamu.

"Ijumaa ya mwisho wa mwezi, jua likizama. Kwa macho matupu."

Ptuu! Wanaume wanaodanganya ili wapendwe wananitia kichefuchefu.

Zikafuata wiki tatu za simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nakusubiri wewe, malkia."

"Muone! Na nyota yangu?"

"Ijumaa, roho yangu. Usihofu."

Naye akaitangaza kila asubuhi, maskini, kwa sauti ile tamu.

Ijumaa watu wakajaa juu ya mapaa. Shangazi alipanda ngazi za ghorofa nne na magoti yake mabovu, amevaa viatu vya harusini. Wakaona moshi na taa za barabarani. Jumatatu mkuu wa kituo akamwambia Mtangazaji: kosa moja tena, kipindi huna.

Akampigia Fundi.

"Ulijua?"

Fundi akafunga daftari lake.

"Nakuuliza, ulijua?"

"Nilijua."

"Hata kukutukana sitaki. Unanichefua."

Akakata. Shangazi, miguu ndani ya beseni la maji moto, akasonya. "Njia ya mwongo fupi. Ya huyu imeishia kwenye magoti yangu."

Kesho yake asubuhi Fundi alijipeleka kituoni, shati limelowa jasho, akaomba aseme hewani. Mtangazaji akamsogezea kipaza sauti bila kumtazama.

"Mimi ndiye niliyedanganya. Yeye aliniamini tu. Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu jioni, upande wa magharibi, kwa dakika ishirini. Kwa darubini. Mtaona doa la kijivu, basi. Wingu likija, hamuoni kitu."

Wasikilizaji wakapiga simu kumtukana. Alikaa akayapokea matusi yote, moja moja, mpaka kipindi kikaisha.

Alhamisi anga ilikuwa safi. Shangazi, aliyepanda tena huku akilaani kila ngazi, ndiye aliyetangulia kwenye darubini.

"Ndiyo hii? Mbona kama alama ya kidole kwenye kioo!"

"Ndiyo hiyo, shangazi."

Mtangazaji akainama, akatazama kwa muda mrefu.

"Inaudhi ilivyo ndogo."

"Inaudhi kweli."

"Lakini ipo." Akainuka, macho yamelowa, hasira bado haijamtoka. "Ungeniambia hivi toka siku ile, ningekuja hivihivi, mjinga wewe."

"Nataka kukuoa. Tarehe—"

"Nyamaza!" Akamziba mdomo kwa kiganja. "Tarehe nitaitaja mimi."