Sauti Iliyokosekana Kwenye Simu

Kila Jumatano baada ya kipindi cha mwisho, wanachama wa Chama cha Habari walifagia maabara, wakapanga stuli vizuri, kisha wakaketi kuizunguka meza kubwa iliyokuwa karibu na dirisha. Mwalimu Gerishon, mlezi wa chama, hakuanza mkutano kabla ubao haujafutwa. Hata alama moja ya chaki ikibaki pembeni, alisimama akiitazama bila neno mpaka mtu fulani ainuke kuifuta.

Jumatano hiyo walikuwa na jambo moja la kuamua. Chama kilikuwa kikitayarisha podikasti kuhusu chakula, ambayo wazazi wangeisikiliza Siku ya Wazazi. Mgeni wao angekuwa Bibi Mwongeli, mkulima wa Ngoliba aliyeacha mahindi na kupanda mtama na pojo, akavuna hata miaka ambayo mvua ilikataa kabisa. Namba yake walipewa na mpwa wake, Bi. Kaluki, mpishi wa shule. Kwa kuwa shule yao ilikuwa Ruiru na Ngoliba ni mbali, wangemhoji kwa simu. Swali lilikuwa watumie kifaa gani kurekodi mazungumzo hayo.

"Simu ya mama yangu inatosha," alisema Wangechi, msichana wa Gredi ya Nane aliyekuwa mtangazaji wa podikasti. "Ina programu ya kurekodi simu. Binamu yangu wa chuo anaitumia. Unabonyeza tu, basi."

Byron, aliyesimamia mitambo, alikuna shingo. Alikuwa amehamia shule hiyo muhula huo. Baba yake alifanya kazi katika kiwanda kimoja kule Eneo la Viwanda, Thika, na Jumapili aliendesha spika na maikrofoni kanisani.

"Programu nyingine husumbua," alisema Byron polepole. "Kanisani kwetu kuna kinasa sauti cha kwaya. Simu inawekwa kwenye spika, kinasa kinalazwa kando yake. Baba anaweza kutuazima."

"Na nani atakibeba?"

"Mimi. Baba hawezi kumpa mtu mwingine."

Jibu hilo halikumpendeza Wangechi hata kidogo. Alimwona Byron kama mtu anayetaka kila kitu kipitie mikononi mwake.

"Kinasa cha kwaya?" alidakia Mwas, ambaye hakuweza kukaa muda mrefu bila kuchekesha watu. "Si tutasikia haleluya katikati ya pojo."

Wote walicheka, hata Mwalimu Gerishon akauma mdomo. Kisha akaagiza programu ijaribiwe. Mwas alitumwa uwanjani na simu ya Mwalimu, akapiga. Wangechi aliweka simu ya mama yake mezani na kuwasha spika ili kila mtu asikie vichekesho vya Mwas. Waliporudia kusikiliza, sauti zote mbili zilikuwa safi. Mikono ikainuliwa, na programu ikashinda. Byron hakuinua wake.

"Utaona tu," alimwambia Wangechi walipokuwa wakifunga madirisha. "Hizo programu sizipendi."

Maneno hayo hayakumtoka Wangechi akilini.

Mahojiano yalifanyika Ijumaa. Katika chumba cha jirani, wanafunzi wadogo walikuwa wakifanya mazoezi ya ngonjera, na kelele zao zilipenya ukutani. Ili amsikie mgeni vizuri, Wangechi alivaa vipokea sauti vya masikioni. Mgeni alipokubali kurekodiwa, Byron alibonyeza kitufe cha kurekodi, akakaa kando kimya.

Bibi Mwongeli alisimulia vizuri mno. Alieleza jinsi majirani walivyomcheka alipopanda mtama, na jinsi walivyokuja baadaye mmoja mmoja kuomba mbegu, kila mmoja akijifanya amepita tu kusalimia. Wangechi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mazungumzo yalipokwisha, alimpa Byron simu ili ahamishe rekodi kwenye tarakilishi ya shule, naye akakimbia kumweleza Mwalimu kwamba kazi ilikuwa imefana.

Aliporudi pamoja na Mwalimu na wenzake, Byron alikuwa ameketi mbele ya tarakilishi, mikono mapajani.

"Kuna shida," alisema.

Alibonyeza. Sauti ya Wangechi ilisikika wazi: "Shosho, ulianzaje kupanda mtama?" Kikafuata kimya kirefu, ngonjera tu zikisikika kwa mbali. Kisha Wangechi akasikika akicheka, na baadaye akiuliza swali lingine. Kimya tena. Ilikuwa kama kumsikiliza mtu anayeongea na ukuta.

"Umefanya nini?" Wangechi alimgeukia Byron.

"Sijafanya kitu. Nimeikuta hivi."

"Jumatano tulijaribu, zikaingia sauti zote. Leo umekaa na simu peke yako, na sauti ya mgeni imepotea. Si ulisema nitaona?"

Byron alitazama chini. Kwa Wangechi, kutazama chini huko kulikuwa ushahidi tosha. Sasa kila jambo lilijipanga: Byron hakuinua mkono, alitaka kinasa cha baba yake kitumike, naye ndiye aliyebaki na simu. Alikuwa ameifuta sauti ya Bibi Mwongeli ili waonekane wajinga.

"Mwalimu, mimi siwezi kufanya kazi na mtu kama huyu," alisema. "Atolewe chamani."

Mwalimu Gerishon alivua miwani, akaifuta kwa kitambaa. "Jambo hili nitaliamua Jumatatu. Mwenye ushahidi aulete. Mpaka hapo, hakuna anayemwita mwenzake mwizi wala mwongo."

Hata hivyo, kabla ya kufika langoni, Mwas alikuwa amekwisha kupata jina.

"Kifutio! Niaje, Kifutio?" aliita. "Nifutie na deni langu la kazi ya ziada ya Hisabati."

Watoto wengine walilidaka jina hilo. Byron alivuka barabara bila kugeuka nyuma.

Jumamosi, nyumbani kwao Membley, Wangechi aliamua kutafuta ushahidi. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Angerekodi simu nyingine vilevile kama siku ya mahojiano. Sauti zote mbili zikiingia, ingekuwa wazi kwamba programu haina kosa na kwamba mtu aliifuta sauti ya mgeni.

"Mama, nisaidie kitu kidogo," alisema. "Chukua simu ya baba, unipigie ukiwa jikoni. Unieleze chochote."

"Nieleze nini na sufuria iko motoni?"

"Hata hiyo sufuria."

Mama yake alimsimulia habari za maharagwe yaliyokataa kuiva, huku Wangechi akimsikiliza chumbani, vipokea sauti vikiwa masikioni. Alipomaliza, alifungua rekodi. Alijisikia mwenyewe akisema, "Ehe," kisha kimya. "Kwani uliyaloweka lini?" Kimya.

Aliomba mama apige tena. Matokeo yakawa yaleyale. Mara ya tatu alivua vile vya masikioni na kuwasha spika, na hapo maharagwe ya mama yake yakasikika vizuri kabisa.

Wangechi aliketi kitandani akiitazama simu. Byron alikuwa kwao, mbali na hapo. Asingeweza kufuta chochote. Programu ile ilikuwa ikisikiliza chumba, si simu. Sauti iliyotoka kwenye spika na kuingia chumbani, iliinasa. Sauti iliyoingia masikioni mwa Wangechi, haikuweza kuinasa. Jumatano walikuwa wamejaribu kwa njia moja, na Ijumaa yeye mwenyewe akatumia njia nyingine.

"Umepata ulichotaka?" mama yake aliuliza mlangoni, mwiko mkononi.

"Nimepata, mama. Lakini si nilichotaka."

Usiku ule na Jumapili nzima alijibishana na nafsi yake. Hakuna aliyejua isipokuwa yeye. Angeweza kunyamaza tu. Mwalimu angeamua, kinasa kingine kingetafutwa, na watu wangesahau. Byron angekuwa nje ya chama, nalo jina la Kifutio lingemfuata mpaka amalize shule. Kila alipofika hapo, Wangechi alishindwa kuendelea kujitetea.

Jumatatu, maabara ilijaa. Byron alikuwa amesimama kando ya ubao.

"Byron, una la kusema?" aliuliza Mwalimu.

"Sikufuta, Mwalimu. Sina lingine."

"Nani ana ushahidi?"

Mwas na wengine walimgeukia Wangechi. Aliinuka.

"Mimi ninao," alisema. "Byron hakufuta kitu. Kosa ni langu."

Alieleza jaribio lake hatua kwa hatua, kisha akalirudia mbele yao ili asiwepo wa kubisha. Alipomaliza, alimtazama Byron. "Nisamehe. Nilikushuku bila sababu."

"Ungeniuliza tu," alisema Byron.

"Nilikuuliza."

"Hukuniuliza. Uliniambia."

Wangechi aliitikia kwa kichwa. Mwas naye, ambaye siku nyingine angepata neno la kusema, alishughulika kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari.

Sasa ilibidi wamwombe Bibi Mwongeli asimulie upya. Jumatano iliyofuata, Byron alileta kinasa sauti cha kwaya, kimefungwa ndani ya taulo. Kilikuwa kidogo, kinaenea kiganjani. Alichagua stoo ya vitabu, mahali ambapo kelele hazikufika, akatandika sweta mezani ili meza isitoe mwangwi. Aliiweka simu ya Mwalimu juu yake, akawasha spika, akakilaza kinasa kando. Kisha akamtuma Mwas nje na simu ya mwalimu mwingine, apige.

"Tunajaribu kwa njia ileile tutakayotumia," alisema. "Hata mahali pa kukaa tusibadilishe."

Sauti zote mbili ziliingia. Wakampigia Bibi Mwongeli.

"Shosho, shikamoo. Ni Wangechi wa shule ya Ruiru, niliyeongea nawe Ijumaa ile. Tuko na Mwalimu, na simu hii tunairekodi, kama ulivyoturuhusu. Rekodi ya kwanza iliharibika. Tunaomba utusimulie tena."

Kwanza ikasikika sauti ya kuku, kisha ya Bibi Mwongeli, na haikuwa ya kucheka.

"Hii si ile namba."

"Ni ya Mwalimu, Shosho."

"Mnarekodi, kuna kosa, nirudie. Jirani yangu alipigiwa hivyohivyo. Alirudia mpaka akarudia namba yake ya siri, na pesa zikaondoka. Nyinyi ni matapeli."

"Hapana, Shosho. Hata Bi. Kaluki wa jikoni—"

"Usiniletee Kaluki. Hata matapeli wanajua kuna Kaluki."

Mwas alijiziba mdomo. Mwalimu Gerishon alisogea kutaka kusaidia, lakini Wangechi alimwona Byron akimtazama tu, akingoja. Aliurudisha mkono wake uliokuwa tayari kumpa Mwalimu simu.

"Shosho, nitakueleza ilivyokuwa," alisema. "Rekodi niliiharibu mimi. Nilivaa vitu vya masikioni, sauti yako ikaishia masikioni mwangu. Halafu nikamsingizia mwenzangu kwamba ameifuta. Anaitwa Byron. Nilitaka afukuzwe chamani, na hakuwa na kosa. Ndiye aliyetuletea kifaa cha leo. Ukikataa kuongea nasi ni haki yako, lakini huo ndio ukweli."

Kuku walilia tena upande wa pili. Wanafunzi waliinamia meza.

"Huyo Byron yuko hapo?"

"Nipo, Shosho."

"Ni kweli alikusingizia?"

"Ni kweli. Lakini amesema mbele ya wote."

Bibi Mwongeli aliguna. "Matapeli wote walionipigia, sijasikia mmoja akisema kosa ni lake. Wao kosa huwa ni la kampuni, ama ni langu." Kisha akacheka kicheko kilekile cha Ijumaa. "Na huku kwetu nyanya hatumwiti shosho. Ni susu. Haya, niulize, na wewe Byron uchunge chombo chako."

Alisimulia habari za mtama, za majirani waliopita kusalimia, na nyingine ambazo mara ya kwanza hakuwa amezitaja. Byron hakukiondolea kinasa macho hata mara moja. Waliporudia kusikiliza, hata kuku walikuwemo.

"Kuku tuwatoe?" aliuliza Byron.

"Waache," alisema Wangechi. "Wewe unaonaje?"

"Waache."

Siku ya Wazazi, ukumbi mzima ulitulia kumsikiliza mkulima wa Ngoliba. Mwishoni Wangechi alisoma majina ya walioandaa kipindi, na jina la fundi mitambo likawa la kwanza. Mwas alipiga makofi kuliko wote. Kabla ya hapo alikuwa amemwendea Byron nyuma ya maktaba, na ingawa hakuna aliyesikia walichozungumza, jina la Kifutio halikutajwa tena shuleni.

Wazazi walipoondoka, Mwalimu Gerishon aliwakusanya wanachama maabarani, ubao ukiwa safi.

"Mlidhani kosa lilikuwa la kuchagua kifaa," alisema. "Kifaa chochote kina mipaka yake. Ndiyo maana tunakijaribu vilevile tutakavyokitumia, na tunamjulisha mgeni kwamba tunamrekodi. Kosa la pili lilikuwa zito zaidi. Kumshuku mtu si dhambi, sote hushuku. Lakini shaka ni swali, na swali hutafutiwa jibu kabla ya kulitangaza. Wangechi alitafuta jibu akitumaini litamtia mwenzake hatiani. Lilipomgeukia mwenyewe, alilileta hapa, ingawa angeweza kulificha. Susu wa Ngoliba hakutujua kwa sura wala kwa namba. Alitujua kwa sababu kuna mtu alikubali kosa lake. Shikeni hilo."

Aliwapa ruhusa ya kuondoka. Wangechi na Byron walibaki kupanga stuli, na safari hii, Wangechi alipotaka kujua ni nani atakayemhoji mgeni wa muhula ujao, alimuuliza Byron, akanyamaza mpaka akajibiwa.